Kikapu cha mzunguko hakikuzaliwa Arnhem Land

Juzi kijana mmoja anayeandaa maonyesho madogo ya vikapu ameniletea maandishi ya kubandika ukutani niyapitie kabla hayajachapwa. Mstari wa kwanza unasema: "Wanawake Waaborijini wa Australia wanasuka leo vilevile kama walivyosuka bibi zao miaka 60,000 iliyopita." Chini yake kuna picha ya kikapu cha duara, chekundu na njano, kilichoshonwa kwa mzunguko huko Arnhem Land, kaskazini kabisa mwa Australia.

Mshono huo ulifika Arnhem Land katika miaka ya 1920. Karne iliyopita tu, jamani. Bibi wa msukaji wa kikapu kile huenda aliuona ukifika.

Kijana simlaumu, kwa sababu mstari ule ameukuta umeandikwa kila mahali. Mwaka huu peke yake nimeshaufuta kwenye maandishi ya watu watatu, kila mara kwa upole, kila mara na maelezo mafupi pembeni. Safari hii upole umeniishia, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote hapa ili wa nne nimpe kiungo asome mwenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ni mhifadhi wa vitu vilivyotengenezwa kwa nyuzi za mimea. Pemba ndiko nilikozaliwa, na ukili niliujua kabla sijajua kusoma. Baadaye nikasomea uhifadhi, kazi ikanipeleka Australia, nikakaa miaka kadhaa ndani ya ghala la makumbusho ambako mifuko, mikeka na vikapu vya wanawake hawa vilipita mikononi mwangu kila siku. Mkono uliolelewa na mkeka haukubali kutulia mbele ya kitu kama hicho. Unauliza: kimeanzia wapi, chane zimepita vipi, ncha imefichwa wapi?

Tuelewane kwanza kuhusu mishono, kwa haraka, maana aliyewahi kushika shazia hahitaji maelezo marefu. Ukili kama wetu, chane zikipandana juu na chini, si njia yao kuu. Mifuko ya zamani ya kaskazini inasukwa kwa msokoto: chane mbili zinazunguka pamoja kila ufito wa wima, moja mbele na moja nyuma, zikipishana, kama wavuvi wanavyofunga fito za wando. Kuna mifuko ya vitanzi, ambapo kamba moja inapita ndani ya kitanzi cha mstari uliotangulia bila fundo lolote. Ukiivuta inatanuka, ukiiachia inarudi. Na kuna mzunguko: fungu la nyasi au chane linaviringishwa, na kila duru inashonwa kwenye duru iliyotangulia. Aliyeshika agaseke, kile kikapu cha Rwanda, ameshaushika mzunguko.

Hizo ni kazi tatu tofauti, zenye historia tatu tofauti. Anayesema "wanasuka vilevile" amezitia zote kapu moja.

Nyumbani kwa mzunguko ninaouzungumzia ni kusini, mbali sana na joto la Arnhem Land. Ni nchi ya Wangarrindjeri, pale mto Murray unapomalizia safari yake ndani ya maziwa makubwa, na ulimi mrefu wa mchanga unaitenga Coorong, ziwa refu la pwani, na bahari kuu. Huko unaota mmea wa jamii ya ndago na mafunjo, shina jembamba tupu lisilo na majani ya maana. Wanawake huchuma shina mojamoja ili shina mama libaki ardhini, huanika, kisha hulainisha kwa maji kabla ya kushona. Kwa mshono huo mmoja walitengeneza vikapu vya kubebea chakula, mikeka ya mviringo ya kuvaa mgongoni, mitego ya mikunga, vikapu vya kuzikia, na vile vikapu pacha ambavyo mimi navipenda kuliko vyote: nusu mbili zinazolingana kama uso na kioo, zimeshonwa pamoja pembeni. Wazungu waliopita huko wakichora katika miaka ya 1840 waliwakuta watu na mikeka hiyo mgongoni.

Sasa safari yenyewe. Katika kisiwa cha Goulburn, karibu na pwani ya magharibi ya Arnhem Land, Wamethodisti walifungua misheni mwaka 1916. Miaka ya 1920 akafika pale mmisionari mwanamke, Gretta Matthews, ambaye mshono wa mzunguko alikuwa ameupata kusini kwa wanawake wa mto Murray. Akawaonyesha wanawake wa Goulburn. Kutoka Goulburn ukasambaa misheni kwa misheni, shangazi kwa mpwa, mpaka ukaenea pwani yote ya Arnhem Land. Leo ukienda kununua kikapu cha kule, mara nyingi utaletewa cha mzunguko, na muuzaji atakuambia ni cha kale.

Nikifika hapa katika maelezo, msikilizaji hutabasamu na kusema, "Kumbe walifundishwa na wamisionari!" Hili linaniudhi kuliko lile la kwanza. La kwanza ni sifa iliyopotoka. Hili linamnyang'anya fundi kazi yake na kumpa mtu mwingine.

Jahazi linaloleta karafuu Mombasa halikupanda mkarafuu. Mmisionari aliubeba mshono. Wenye mshono walikuwa wanawake Wangarrindjeri, na waliotembeza mikono yao kabla ya yeye kuzaliwa ni mama na bibi zao. Wanawake wa Goulburn waliopokea nao hawakuwa watoto wa darasa la kwanza. Walikuwa wasukaji. Msokoto waliujua, vitanzi walivijua, kamba za magome waliziviringa pajani tangu utotoni, mimea ya nchi yao waliijua kwa jina, kwa msimu na kwa ladha. Walipoonyeshwa mzunguko waliushusha kwenye jani walilolizoea, jani la mkadi, ambalo halina tabia moja na lile shina la kusini. Shina lile ni la mviringo na lina moyo ndani. Jani la mkadi ni utepe. Ukibadilisha mwili wa kikapu namna hiyo inabidi ufikiri upya jinsi fungu linavyojazwa, jinsi uzi unavyokazwa, jinsi ukingo unavyosimama. Kazi hiyo waliifanya wao, na hakuna mmisionari aliyewafanyia.

Niwaulize wasomaji wa pwani. Kanga mnazozivaa zimechapwa wapi kwa miaka mingi? Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Je, kuna mtu anayethubutu kumwambia bibi yangu kwamba kanga si yake? Na ile mikeka ya rangi ya harusi, rangi ya unga inanunuliwa dukani na inatoka ng'ambo, na hakuna mgeni anayempigia kelele msukaji wa Makunduchi kwamba ameharibu asili. Sisi tunaruhusiwa kununua rangi. Mwanamke wa Arnhem Land akifanya hivyohivyo anaambiwa amepoteza miaka 60,000.

Kule kusini mshono wenyewe ulipitia shida. Watoto walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao kwa amri ya serikali, familia zikabanwa kwenye misheni, vinamasi vikakaushwa kwa ajili ya mashamba, na mwaka 1940 zikakamilika kuta za kuzuia maji karibu na mlango wa mto, zikabadilisha mahali maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Mmea ukawa wa kutafutwa. Mikono iliyojua ikabaki michache. Mwaka 1982 mzee mmoja, Dorothy Kartinyeri, alifundisha darasa fupi la kusuka, na miongoni mwa waliokaa chini kujifunza alikuwa Yvonne Koolmatrie. Mwaka 1997 Koolmatrie, pamoja na Emily Kame Kngwarreye na Judy Watson, waliiwakilisha Australia kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Kutoka darasa fupi mpaka Venice ni miaka 15. Kati ya alivyosuka Koolmatrie zimo ndege za kusafiria, yaani eropleni, kwa kuwa Mngarrindjeri mwingine, Janet Watson, alikwisha kusuka ndege kwa nyasi zilezile katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ndege, yenye mabawa! Nani aliyesema hawa watu wameganda?

Najua wapo watakaosema ninapigania maneno ya kadi ya ukutani. Maneno hayo hayaishii ukutani. Baada ya kesi ya Mabo ya mwaka 1992, iliyokubali kwamba wenyeji wana haki ya ardhi yao ya jadi, na sheria ya mwaka 1993 iliyoifuata, Waaborijini wanaodai ardhi yao inabidi waonyeshe mahakamani kwamba mila zao zimeendelea bila kukatika. Watu wa Yorta Yorta, ambao nchi yao iko juu zaidi kwenye mto uleule wa Murray, walidai. Mwaka 1998 jaji aliwaambia kwamba wimbi la historia limekwisha kuzifuta mila zao, na mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ikaikataa rufaa yao. Wangarrindjeri nao walipita kwenye moto wao. Mwaka 1995 tume ya jimbo ilitangaza kwamba elimu ya siri ya wanawake kuhusu kisiwa cha Hindmarsh, kilichomo nchini mwao, ilibuniwa ili kuzuia daraja lisijengwe. Mwaka 2001 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema hakushawishika kwamba ilibuniwa. Daraja lilikuwa limeshafunguliwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mila ya kweli ni ile isiyobadilika, mimi nasikia sauti ya mahakama. Amewawekea wanawake hawa mtihani ambao hakuna watu duniani wanaoweza kuufaulu, halafu atawanyang'anya nchi kwa kuufeli.

Basi kipi hakikubadilika? Swali hilo ni zuri, na jibu lake liko kwenye mkadi.

Pwani yetu mkadi tunaujua kwa maua yake yanayonukia. Wa Arnhem Land ni ndugu wa huu wetu, majani yake yamepangika kwa mzunguko kuzunguka shina kama ngazi ya mnara. Jani linalofaa ni changa, lile la moyoni kabisa, juu. Wanawake hulivuta kwa kijiti chenye ndoano, wanalitikisa mpaka moyo unaachia. Jani lina safu tatu za miiba, mbili kwenye kingo na moja mgongoni katikati, na kila safu inataka kuondolewa kwa namna yake. Kisha linakuja jambo ambalo sijaliona kwenye ukindu wala milala: jani linapasuliwa unene wake. Unalivunja kidogo kwenye kitako, unaingiza ukucha wa kidole gumba, unatenganisha ngozi ya juu na ngozi ya chini, halafu unazivuta mbalimbali kwa mkupuo mmoja. Ngozi mbili, laini mbili. Mama mmoja aliyenifundisha alikuwa akifanya hivyo huku anazungumza na wajukuu, macho hayako kwenye jani. Mimi nilikuwa nachana ukindu tangu nina miaka sita na nilidhani nitaliweza siku hiyohiyo. Ngozi ilinikatikia katikati kila mara, kwa sababu mkono wangu ulivuta moja kwa nguvu kuliko nyingine. Siku ya tatu akanishika vifundo vyote viwili, akavuta kwa mikono yangu. Ndipo nikaelewa kwamba zinakwenda sawasawa kama kufungua pazia.

Rangi nazo zina elimu yake. Kuna mzizi wa njano unaochimbwa, unakwanguliwa, unachemshwa na chane. Ukitia majivu ndani ya sufuria, njano inageuka kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Kuna kitunguu cha mwituni, chekundu ndani kama damu, kinachotoa wekundu mzito na zambarau. Majivu ya mti gani, kiasi gani, chane zikae muda gani, hayo kila familia ina yake. Na kwa kuwa nimewasema wengine, niseme ukweli wote: kuchemsha rangi kunataka chombo cha chuma, kwa hiyo nako kulistawi baada ya madebe na sufuria kufika. Kabla ya hapo mifuko ilipambwa zaidi kwa udongo mwekundu, mweupe na wa njano. Ninayepinga uongo wa mzunguko siwezi kuusamehe wa rangi.

Msokoto ndio wa kale kwelikweli kule kaskazini. Mifuko iliyosokotwa imechorwa kwenye miamba ya Arnhem Land, ikining'inia mabegani na shingoni mwa watu. Mingine inasokotwa kwa kubana kiasi cha kubeba asali bila kuvuja. Mingine hupambwa kwa manyoya ya kasuku na ni ya ibada. Wayolngu, wenyeji wa mashariki mwa Arnhem Land, wana mkeka wenye umbo la pia, nganmarra, unaosukwa kuanzia nchani. Mama humfunika mtoto ndani yake mbu wasimfikie, na katika habari za dada wa Djang'kawu, waliosafiri wakiiumba nchi na watu, mkeka huo ni kitu kizito sana. Uzito wake mwingine niliambiwa nikiwa nimekaa na wanawake, na hautoki hapo.

Hicho ndicho kinachopokezanwa bila kukatika: nani ana haki ya kuvuna mkadi wa bonde gani, ni jina gani la ukoo linakwenda na mfuko upi, nani anaruhusiwa kumfundisha nani. Mshono unaweza kusafiri kilomita elfu kadhaa na kubadilisha jani njiani. Haki ya kuvuna haichukuliki kwenye boti ya misheni. Anayetaka kuandika jambo la kale kwenye kadi, aandike hilo.

Jangwani mambo ni wazi zaidi. Wanawake wa Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara, katikati ya bara, hawakuwa watu wa vikapu. Walibeba chakula na maji kwenye mabakuli ya mbao kichwani, na chini ya bakuli waliweka manguri, pete ya nyasi, nywele zilizosokotwa na manyoya ya emu, yule ndege mkubwa asiyeruka. Ni ngata, kabisa! Ile ngata ya mtungi wa bibi. Nilipoiona mara ya kwanza niliiweka kichwani kabla sijakumbuka kwamba ni kitu cha makumbusho, na mwenzangu akapiga ukelele.

Kikapu kiliingia jangwani mwaka 1995, pale baraza la wanawake wa makabila hayo matatu lilipofanya mafunzo Papulankutja, kijiji kinachoitwa pia Blackstone. Wanawake waliokuja walikuwa wanasokota nywele na sufu maisha yao yote, kwa hiyo vidole vilikuwa tayari. Walikwenda kukata nyasi, tjanpi kwa lugha yao, na ndani ya muda mfupi vikapu vikaenea. Leo Tjanpi Desert Weavers, shirika la ususi la baraza hilo, ina wasukaji zaidi ya 400 katika eneo la kilomita za mraba 350,000. Kantjupayi Benson alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuacha kikapu na kushona vyombo vya kambini na watu kwa nyasi. Mwaka 2005 kundi la wanawake wa Blackstone lilisuka gari la Toyota la ukubwa wa kweli, wakalipeleka Darwin, likashinda tuzo kuu ya kitaifa ya sanaa ya Waaborijini na watu wa Torres Strait. Toyota ndiyo inayowafikisha kwenye nyasi, kwenye misiba, kwenye sehemu takatifu. Wamesuka kitu cha maisha yao.

Na uzi unaoshonea vikapu vingi vya Tjanpi ni rafia, yaani nyuzi za mwale. Rafia nyingi inayouzwa duniani inatoka Madagaska. Kikapu ambacho mtalii anakishika huku akisema "asili tupu ya jangwa" kimeshonwa kwa jani lililovuka Bahari ya Hindi. Ninapenda sana jambo hili. Kwa mtu wa pwani yetu, ni kama kumkuta ndugu wa mbali kwenye picha ya harusi ya wengine.

Kuhusu neno "wanawake": si kila mahali. Kwenye misitu ya mvua ya kaskazini mwa Queensland kuna jawun, kikapu cha henzerani chenye pembe mbili chini, kilichotumika pia kulaza mbegu zenye sumu kwenye maji yanayopita mpaka sumu itoke. Mafundi wake kwa desturi ni wanaume, na Abe Muriata wa Wagirramay ni mmoja wa wanaojulikana leo. Inatosha hapo.

Inaniwia vigumu zaidi kunyamaza juu ya watu wanaosema kitu kikiacha kubeba chakula basi kimeacha kuwa cha mila. Lena Yarinkura wa eneo la Maningrida alichukua ufundi wa mfuko aliofundishwa na mama yake akasuka mbwa wa kambini na yawkyawk, wale wasichana wa majini wenye mkia wa samaki, akijaza ndani magome laini. Regina Pilawuk Wilson wa Peppimenarti alichukua syaw, wavu wa samaki ambao kazi ya misheni ilikuwa imeusukuma pembeni, akaanza kuuchora kwa rangi kwenye turubai, kitanzi baada ya kitanzi, na mwaka 2003 akashinda tuzo ya uchoraji huko Darwin. Simama mbele ya turubai ile ukiwa unajua nyavu. Utaona mkono unapiga vitanzi bila kamba, na mapigo yake ni yaleyale. Kama huo si wavu, nionyesheni wavu ni upi.

Nina mashaka yangu, na nitayaweka hapa kwa kuwa kwenye vitabu vya fani yangu hayaandikwi.

Nimesema msokoto ni wa kale kwa ushahidi wa michoro ya miambani. Nyuzi zenyewe zinaoza, kwa hiyo tunategemea picha, na umri wa picha za miambani wataalamu wanaugombania mpaka leo. Ninaposimama mbele ya watu nikasema "kale", sauti yangu ina uhakika kuliko ushahidi nilionao.

La pili ni la glovu. Makumbusho nyingi za zamani zilinyunyizia mikusanyo yao arseniki na sumu nyingine ili wadudu wasile. Kwa hiyo mwanamke anasafiri siku mbili kuja kuuona mfuko wa bibi yake, na mtu wa kwanza anayekutana naye ni mimi, nimeshika glovu. Najua kwa nini ninampa glovu. Ni afya yake. Lakini nimemwona mama mmoja akiuweka mfuko shavuni huku mkono uko ndani ya mpira, nami nikageukia ukutani. Sisi ndio tuliotia sumu, halafu sisi ndio tunaomkataza kugusa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado sina maneno ya kumwambia mtu wakati huo.

Na kadi za ghala! Kadi baada ya kadi: jina la Mzungu aliyekusanya, tarehe aliyokusanya, urefu na upana kwa sentimita. Mahali pa fundi pameandikwa "mwanamke". Nilikuwa nikiona mkono mmoja katika vikapu vitatu tofauti, mtu yuleyule, ana tabia ya kuanza duru ya kwanza kwa kubana kupita kiasi kisha kulegeza kwenye ya nne. Nilimjua kama ninavyomjua jirani kwa kikohozi chake. Jina lake sikuweza kumrudishia.

Nikarudi kwa kijana wangu. Nimeufuta ule mstari na kumwandikia mwingine: jina la msukaji, lugha yake, mahali alipovuna mkadi kama ameruhusu pasemwe, mzizi uliotoa njano na mzizi uliotoa wekundu, mshono kwamba ni wa mzunguko, kwamba uliletwa kutoka kwa wanawake Wangarrindjeri wa kusini katika miaka ya 1920, na nani alimfundisha yeye. Jana usiku amenijibu. Jina analo, mkadi anao, mizizi anayo. Lililobaki ni la mwisho, aliyemfundisha. Anasema kadi zinachapwa Ijumaa. Nimemwambia kaskazini mwa Australia sasa ni asubuhi, apige simu.